Ukuta Mnene wa Nyumba ya Pampu

Vijana wangu, mliponiomba niandike juu ya kazi yangu nilishuku mara moja. Watu hawamwombi bibi wa miaka sabini aandike isipokuwa kama yule waliyemtaka kwanza amekataa. Nilimuuliza mwenyekiti wenu pale kanisani, akacheka bila kujibu, na mimi nikawa nimeshapata jibu. Haya, mmempata huyo wa pili, mvumilieni.

Wengi wenu nikisema mnanielewa vizuri, kisha mnanijibu kwa Kiingereza. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, ili atakayeshindwa kusoma amfuate mama yake jikoni amsomee. Mkiketi jikoni hata robo saa mtasaidia kumenya viazi.

Mimi ni Tusajigwe. Kazini waliniita Mama Tusa. Nimevuta maji kwa pampu karibu miaka arobaini, kwanza kwenye mgodi wa makaa ya mawe kwetu kusini mwa Tanzania, milima ya kuelekea Malawi, halafu hapa Toronto, kwenye mashimo wanayochimba kabla ya kusimamisha maghorofa. Ukichimba popote duniani maji yanakuja. Lazima awepo mtu wa kukaa na pampu, ayavute na kuyapima, na aseme ukweli juu yake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hilo la kusema ukweli ndilo gumu.

Kwanza niwaambie mambo ya mikono, maana najua mkifika katikati mtaanza kuchungulia simu. Pampu isiyo na maji tumboni haivuti, inapiga kelele tu, kwa hiyo inyweshe kwanza ndiyo uiwashe. Ukitaka kujua kama beringi imeanza kufa, weka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Ukisikia mtu anatafuna mchanga, zima. Chujio lililoko mwisho wa mpira unaonyonya, lioshe kila siku, hasa penye udongo wa mfinyanzi, kwa sababu udongo ule unang'ang'ania kama ugali uliolala kwenye sufuria. Na sakafu ikiwa kavu kabisa mahali ambapo jana palikuwa na unyevu, usifurahi. Maji hayajaondoka, yamepata njia nyingine, na wewe huijui.

Siku hizi kuna kidude kinachotuma ujumbe kwenye simu kusema maji yamefika wapi. Kizuri sana. Binti yangu anacho kwenye ghorofa lao kule North York, na kila nikimtembelea nashuka chini kuhakikisha kwamba hakidanganyi. Walinzi wameshanizoea.

Aliyenifundisha kushuku ni Mzee Kibona. Nilipoingia mgodini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwanamke wa kwanza kwenye pampu, na wanaume walisubiri kwa hamu nishindwe. Asubuhi yangu ya kwanza nilimkuta Mzee Kibona anamaliza zamu yake. Nikapiga goti kama nilivyolelewa, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Maji yako wapi?" akauliza.

"Sijui, mzee. Nimefika sasa hivi."

"Basi hujafika. Rudi mlangoni."

Nikarudi mlangoni. Akanipa fimbo ya kupimia, mti mrefu ulionyooka, umechorwa alama za rangi. Nikaenda nayo kwenye sampu, lile shimo tunaloliacha maji yote yakusanyike ili pampu iyavute. Nikapaka chaki, nikashusha, nikapandisha, nikasoma pale chaki ilipolowa. Nikataja namba. Hapo ndipo akatabasamu na kusema, "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Ndivyo tulivyoishi pale mgodini. Anayeingia zamu hamsalimu anayetoka mpaka apime maji kwa mkono wake mwenyewe. Anayetoka atakutajia namba yake, nawe hutamjibu. Mzee Kibona alisema salamu inalainisha moyo, ukishamuuliza mtu habari za watoto wake utaona haya kupima tena alichopima yeye. Kwa watu wa kwetu, wanaosalimiana hata mvua inawanyeshea, ilikuwa adabu mbaya mno. Mama yangu aliposikia alidhani nimeingia dini mpya.

Nikaishika sana desturi ile. Labda kupita kiasi.

Jambo la pili Mzee Kibona alinifundisha nje, siku ya mapumziko. Juu ya mgodi wetu palikuwa na mabaki ya mgodi mwingine, wa zamani za wakoloni, ulioachwa kabla baba yangu hajazaliwa. Kilichobaki ni nyumba ya mtambo wa mvuke uliokuwa ukivuta maji. Paa halikuwepo na mtambo ulishauzwa kama chuma chakavu. Zilibaki kuta tatu na nusu, mbuzi ndani, na dirisha moja refu lenye upinde juu.

"Zipime hizi kuta," aliniambia.

Nilizipima kwa mikono. Tatu zilikuwa za kawaida. Ule mmoja ulikuwa mnene karibu mara tatu ya wenzake.

"Mtambo wenyewe ulikuwa na boriti kubwa ya chuma," akasema, "inapanda na kushuka kama bembea. Upande mmoja ndani, upande mwingine nje, juu ya shimo. Ukuta uliobeba katikati ya bembea lazima uwe mnene. Sasa nionyeshe shimo."

Nilitazama mbele ya ukuta mnene. Palikuwa na majani tu, mabichi kuliko mengine. Akaokota jiwe, akalitupa pale. Lilitoboa majani, na tukasubiri muda mrefu kidogo kabla ya kusikia maji. Mbuzi hawakuwa wakila upande ule, nami nikaelewa ni kwa nini.

"Watu wanasahau shimo," alisema Mzee Kibona. "Ukuta hausahau. Ukiona nyumba kama hii popote, shuku mbele ya ukuta mnene."

Sikutegemea kuiona nyingine. Nilihamia Toronto kumfuata binti yangu, nikaosha vyombo miaka miwili, kisha jirani akanipeleka kwenye kampuni moja ndogo ya kuvuta maji kwenye saiti. Waliniajiri wakidhani nitachoka baada ya wiki. Nilikaa hadi nikastaafu, na saiti yangu ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikubali ombi lenu.

Ilikuwa mashariki ya mji, kwenye ukingo wa bonde. Zamani palichimbwa udongo wa matofali, na shimo la udongo nalo hujaa maji kama la makaa, kwa hiyo wenyewe walijenga nyumba ya mtambo. Niliiona siku ya kwanza niliposhuka basi. Kuta mbili na kipande, matofali mekundu yenye masizi, dirisha refu la upinde. Mji ulikuwa umeamuru isibomolewe, mwenye jengo aiache kama pambo mbele ya ghorofa jipya. Walikuwa wameizungushia wavu na kuifunika turubai kama mgonjwa.

Nikaenda moja kwa moja nikazipima kuta kwa mikono. Ukuta wa kaskazini ulikuwa mnene, na mbele yake hasa ndipo walipokuwa wanachimba maegesho ya chini.

Msimamizi wetu alikuwa Mreno, jina lake Nelson, mtu mwema mwenye haraka. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha saiti kwamba mbele ya ukuta ule kuna shimo la wima, na huenda limejaa maji. Hakunicheka. Alifungua ramani, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo. Shimo lilijazwa mawe na udongo zamani na kufungwa. Palikuwa na mhuri na sahihi.

"Umeridhika, Mama?" aliuliza.

Nikasema nimeridhika. Mimi, ninayeshuku hata birika la chai, niliona mhuri nikaridhika. Kumbukeni hapo.

Mwenzangu kwenye pampu alikuwa Papa Faustin, Mkongo wa Likasi aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba kabla ya kuja huku. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mrefu, mpole, anakunja kofia yake mara mbili kabla ya kuiweka mfukoni. Yeye alishika zamu ya asubuhi, mimi nikampokea saa nane mchana. Mkewe, Mama Béatrice, alikuwa bado Likasi. Saiti nzima tulijua habari zake, kwa sababu mwanasheria alimwambia asibadilishe kazi mpaka faili la kumleta mkewe huku lipite, na Faustin aliishika kazi ile kama mtu aliyeshika yai.

Kila siku saa nane alinisalimu kwa namna ileile. "Jambo, Mama. Magoti iko namna gani leo?"

Magoti yangu yalikuwa mabaya tangu mgodini. Lakini mimi niliinua mkono kumnyamazisha, nikachukua fimbo, nikaenda kwenye sampu. Nikimaliza kupima nageuka nimsalimu, nakuta ameshakimbilia basi. Ikawa hivyo miezi mitano. Kwa miezi mitano sikuwahi kumjibu kuhusu magoti.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nakipima. Faustin alikuwa ananiachia namba, sema mita moja na kumi. Mimi nikishusha fimbo napata mita moja na arobaini. Mara ya kwanza nikadhani nimekosea. Mara ya pili nikafuta fimbo, nikapaka chaki upya. Wiki nzima ikawa hivyo, maji yangu yako juu ya yake kwa sentimita ishirini na tano, thelathini, na zamu ikiendelea yanashuka taratibu mpaka kwenye namba aliyoitaja yeye.

Nikaanza kumchunguza. Nilifika mapema siku moja nikajificha nyuma ya kontena nione kama anapima kweli au anaandika tu. Hata hivyo nilichelewa, nikamkuta ameshamaliza, anafuta mikono. Kwa nini mikono ina matope wakati fimbo ni safi? Nikaliweka hilo moyoni. Siku nyingine nilimwona anaongea na Nelson kwa sauti ya chini, wote wakanitazama kisha wakatazama pembeni. Nikaliweka nalo. Mtu akishaanza kushuku hakosi kuni za kuchochea.

Nilimuuliza uso kwa uso mara moja. "Papa Faustin, fimbo yako inasoma nini?"

"Mama, miye nilipima vizuri. Ngoja nikuelezee, ile pompe, mbele ya wewe kufika mi huwa—"

"Nimekuuliza fimbo, sijakuuliza pampu," nikamkata.

Akakunja kofia mara mbili.

Chini kwenye shimo, karibu kabisa na ule ukuta, walikuwa wanafanya kazi watu wanane wanaofunga nondo. Maji yakipita alama nyekundu ya kwenye fimbo udongo unalainika, na udongo ukilainika ukingo unawashukia. Namba ya uongo pale ingeweza kuua mtu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikamwandikia Nelson ukurasa mzima kwamba Faustin ananakili namba bila kupima, na nikaambatanisha namba zangu za wiki sita. Nilijua habari za mkewe nilipokuwa naandika. Sitaki mdhani sikujua.

Nelson alisoma akakuna kichwa, akasema atawapa watu wa ofisini. Watu wa ofisini hawakuuliza chochote. Faustin aliondolewa siku iliyofuata. Alinikabidhi fimbo yake kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhi kitu kwa mkubwa wake.

"Mama," akasema, "wewe unanijua miye."

Sikumjibu, nilikuwa bado sijapima.

Siku ya tatu pampu ikaanza kulia. Niliweka bisibisi sikioni, beringi nzima. Maji yakawa hayatoki sawasawa. Nikaizima, nikaupandisha mpira, na mwisho wake nikakuta chujio limevaa udongo mnene kama kofia ya sufi. Ilinibidi nipige magoti kwenye barafu iliyochanganyika na matope, nikwangue kwa kisu, nisugue, nimwagie maji, na kusimama tena nishike wavu nisianguke. Ilinichukua robo saa na machozi yakanitoka kwa maumivu.

Nikiwa bado pale chini swali likanijia. Udongo wa mfinyanzi huziba chujio kwa siku mbili, nami nimekaa hapa miezi mitano. Kwa nini leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuliosha?

Nikamuita Nelson. "Nani alikuwa anaosha chujio?"

Alinishangaa. "Faustin. Kila siku, saa saba na nusu. Akishapima anazima pampu, anaosha, anawasha kabla hujafika. Alisema una magoti mabaya na hutakubali kusaidiwa ukijua, kwa hiyo tusikuambie. Nilidhani ulishagundua."

Mikono ya matope na sauti ya chini, kumbe ndiyo hayo. Alikuwa anapima maji pampu ikiwa inafanya kazi, kama walivyofundishwa Likasi, kisha anaizima robo saa kwa ajili yangu, na katika robo saa ile maji yanapanda. Namba yake ilikuwa ya kweli. Yangu pia ilikuwa ya kweli. Angeniambia, kama ningemwachia amalize sentensi moja, au kama ningemsalimu tu siku moja akaanza kuniuliza habari za magoti.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka kwenye baridi ile. Lakini mkono wa kazi hauzimiki kwa aibu. Nikachukua fimbo, nikapima pale pampu ilipokuwa imezimwa. Sentimita ishirini na nane zaidi, kwa robo saa. Maji ya kawaida ya ardhini hayapandi hivyo. Yale yalikuwa yanasukumwa na kitu. Nikageuza kichwa taratibu, nikautazama ukuta mnene.

"Watoe watu," nikamwambia Nelson. "Wote wanane, sasa hivi."

"Mama, ramani inasema—"

"Ramani niliiamini mimi kabla yako. Watoe."

Mtanisamehe, hakukutokea mporomoko wa kusimulia. Walitoka, wakanywa kahawa, wakalalamika. Kesho yake walileta mashine ya kutoboa, wakatoboa hatua nne mbele ya ukuta, pale ambapo Mzee Kibona angetupa jiwe. Chini ya udongo wa juu walikuta mbao nene zilizooza, na chini ya mbao hakukuwa na mawe wala udongo. Yalikuwa maji, yametulia, meusi, yakilisubiri shimo letu la maegesho lifike jirani yake. Kati yake na wale watu wanane palikuwa pamebaki ukuta wa udongo usiozidi urefu wangu. Yule aliyepiga mhuri miaka ile alikuwa amefunika tu.

Waliyavuta maji ya shimo lile la zamani, wakalijaza zege, ghorofa likasimama. Ukipita leo utauona ukuta wa nyumba ya mtambo mbele ya mlango wa kioo, umeoshwa, una taa chini yake na kibao cha historia. Kibao hakisemi kitu juu ya Faustin.

Mimi nilipewa cheti na keki. Nilisimama mbele yao wote nikasema cheti si changu, kwamba namba za Papa Faustin zilikuwa sahihi, na kwamba zilitofautiana na zangu kwa sababu alikuwa ananihurumia. Niliandika barua nyingine ndefu kuliko ile ya kwanza. Watu wa ofisini wakampigia simu arudi. Akawashukuru, akasema ameshapata kazi kwenye ghala.

Nilikaa wiki tatu nikijipanga kwenda kwake. Binti yangu alinishauri nimpigie simu kwanza. Sikutaka, simu mtu anaweza kukata. Nilipanda basi hadi Malvern, nikapanda ghorofa la sita kwa ngazi kwa sababu lifti ile siiamini, na magoti yakanikumbusha kila ngazi. Sikubeba fimbo, sikubeba kitu. Nikagonga.

Alifungua mwenyewe. Nyuma yake sikuona mtu, meza tu yenye sahani moja. Alikuja kuniambia baadaye kwamba faili la mkewe lilichunguzwa upya kwa sababu ya kubadilisha kazi, na Mama Béatrice alichelewa kufika mwaka mzima. Siku hiyo sikulijua hilo, lakini sahani moja niliiona.

Nikasema yale ambayo nilipaswa kuyasema kila siku saa nane. "Jambo, Papa Faustin. Habari za hapa nyumbani? Habari za Mama Béatrice?"

Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Upime kwanza, Mama," akasema.

Nilisimama na mkono ukutani, maana ngazi zilikuwa zimeyamaliza magoti, naye aliona. Akaingia ndani akaniacha mlangoni. Nilidhani ndiyo basi. Kisha akarudi amebeba kiti, akakiweka pale pale nje kwenye korido, akakikung'uta vumbi kwa kofia yake, akanishika kiwiko mpaka nikaketi. Yeye akabaki amesimama upande wa ndani wa kizingiti.

"Magoti iko namna gani?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimweleza yote, kuanzia mgodini, na hakunikata hata mara moja.